Kilango Kisichofungika

Kwanza mama alificha visu. Alivifunga kwenye kitambaa, akavisukuma juu ya kabati, kisha akaondoa wembe bafuni na pasi sebuleni. Binti yake, miguu ndani ya beseni la maji baridi, alimtazama akipita na kurudi.

"Unahama, Mama, au unanihamisha mimi?"

"Nyamaza. Nasafisha."

Uongo mtupu. Kwenye mkoba wake kulikuwa na kichupa alichokitoa maabara bila kumuaga mtu, na ndani yake mlikuwa na kazi ya nusu ya maisha yake: dawa ya kufunga kilango. Vilango ndivyo alivyoviita vile vijitundu kwenye seli za neva vinavyofunguka na kufungwa ili ujumbe wa maumivu ufike kwenye ubongo. Vya watu wengine hufungwa. Vya binti yake vilikuwa wazi tangu kuzaliwa, na miguu yake iliungua usiku na mchana bila moto. Madaktari wa mwanzo walisema mtoto anadeka tu. Mama alirudi chuoni kwa hasira, akawa mtafiti, na hasira yenyewe haijamtoka mpaka leo.

Kesho yake kamati ya chuo ilikuwa inakutana kuamua kama maabara iendelee au ifungwe. Panya wa majaribio walishapona. Ruhusa ya kuijaribu dawa kwa mtu ilikuwa haijatoka, wala haikuwa na dalili ya kutoka.

Akajaza maji bilauri mbili, akamimina dawa kwenye moja. Haikuwa na rangi wala ladha. Bilauri ya pili ilikuwa yake, maji matupu, maana ndivyo walivyozoea tangu binti akiwa mdogo: hanywi dawa yoyote mpaka mama naye anywe.

"Vitamini," alisema, akiziweka mezani. "Na usinibadilishie bilauri kama zamani. Ulikuwa unangoja nigeuke, ukidhani sikuoni."

"Kumbe ulikuwa unaniona?"

"Mimi ni mtafiti, mwanangu. Kuona ndiyo kazi yangu."

Binti alicheka. Ilikuwa siku nyingi hajacheka, na mama nusura alie hapo hapo. Simu ikaita, akaenda kuipokea dirishani. Alikuwa mwenzake wa maabara, aliyebandikwa jina la Bwana Subira kwa kuwa hakuna jambo ambalo hakutaka lingoje kidogo.

"Dada, kichupa hakipo kwenye friji."

Mama alivuta pazia la dirisha.

"Basi usinijibu. Ila nisikilize. Maumivu ni kengele. Ukiizima, mtu anaweza kuvunjika asijue. Usimwondolee macho."

"Najua," alisema, akakata simu.

Aliporudi, binti alikuwa ameshika bilauri yake tayari, anatabasamu. Wakanywa pamoja mpaka chini.

Kisha mama akaanza kulinda. Alimtazama mwanawe kama mtu anavyotazama maziwa jikoni. Binti akijikuna, anamshika mkono. Akisimama, anamfuata mpaka mlangoni. Maji ya beseni yalipomwagika, mama alipiga magoti, akayafuta na kuinuka chap chap, yeye ambaye kwa mgongo ulioharibiwa na kuinamia hadubini alikuwa ameacha kupiga deki siku nyingi.

"Unajisikiaje sasa?"

"Vile vile."

"Hata nafuu kidogo?"

"Mama, vitamini gani hizi unazoziulizia kila mara?" Binti alitumbukiza tena miguu majini, akauma mdomo. "Inaungua kama jana. Labda zaidi."

Giza lilipoanza kuingia, aliuliza kwa mara ya mwisho. Binti alikuwa analia kimya kimya, miguu imewiva kwa wekundu. Mama akakubali. Dawa iliyowaponya panya ilikuwa imempita mwanawe kama maji tu. Akaona aibu, halafu akaona jinsi alivyochoka, halafu akaenda jikoni ili binti asimwone akilia.

Alitenga birika kwenye jiko la umeme la sahani mbili, akazungusha kitufe bila kuangalia. Kisha akaligeuzia jiko mgongo, akaliegemea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapiga simu.

"Imeshindikana," alimwambia Bwana Subira. "Kesho usinitetee. Waambie wafunge maabara. Na chupa zilizobaki, zimwage zote."

"Dada, subiri kwanza..."

"Nimesubiri nusu ya maisha yangu! Namwangalia mwanangu anaungua, halafu unaniambia nisubiri?"

Alivuta pumzi. Birika nyuma yake lilikuwa halijaanza hata kuvuma. Harufu ya nyama inayoungua ilijaa jikoni, akawalaani kimoyomoyo majirani na mapishi yao.

"Zimwage," alirudia. "Haifanyi kazi."

Binti alitokea mlangoni, miguu ikichuruzika maji, uso umemshuka.

"Mama, usimwambie hivyo. Kumbe ile ndiyo ilikuwa dawa yako? Mimi nilikuwa natania tu. Ulipogeuka, zile bilauri nili..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamehama kutoka usoni mwa mama, yamekwenda nyuma yake, na mama akageuka kutazama kilichomnyamazisha.

Birika lilikuwa limekaa kwenye sahani baridi. Kwenye sahani ya pili, iliyowiva nyekundu kama kaa, kiganja chake kilikuwa kimetulia.