Noti Mbili za Mpiga Gitaa

Mke alizilaza simu mbili kifuani kwa mumewe, moja huku, moja kule, kama fundi anayempima mtu shati.

"Unamchosha tu," alisema wifi yake, ambaye alikuwa ameshakunja blanketi za mgonjwa. Gari lilikuwa linangoja nje. "Kaka yangu hayumo tena humo. Daktari kasema."

"Daktari hajawahi kulala naye kitanda kimoja. Subiri aanze."

Tangu kiharusi kimwangushe, mpiga gitaa yule hakuwa amesema neno. Mlango wa chumbani haukupitisha kitanda cha wagonjwa, wakamweka sebuleni, kati ya kabati la vyombo na friji kuukuu. Na pale sebuleni, siku moja, akaanza kuimba puani: sauti nzito, inaanzia chini, inapanda kidogo, inatulia hapohapo. Halafu kimya kirefu. Halafu tena.

Wifi alishatoa sharti lake. Akithibitishiwa kwamba ule ni wimbo, kaka anabaki nyumbani. La sivyo, leo hii anapelekwa kule wanakolazwa wagonjwa wasiosubiriwa na mtu.

Glasi ziligongana juu ya friji, na mgonjwa akaanza.

"Hata hilo friji lako linataka daktari," wifi alisema.

Mke aliziwasha simu zote mbili. Simu ya kwanza ilikuwa na programu ya kunasa sauti. Ikataja noti mbili zilezile za kila siku. Ya pili ilikuwa na programu ya kodi, za gitaa, siyo za nyumba: unachagua skeli, yaani ngazi ya noti, inakupigia kodi zake, noti kadhaa kwa mpigo. Tabu ni kwamba noti mbili zinaingia kwenye skeli chungu nzima, kama mgeni asiyechagua pa kula. Alishajaribu za furaha, mume hakupepesa hata jicho. Alishajaribu za msibani, akaona anajitabiria.

Leo alichagua skeli ambayo mumewe alipenda kufungia dansi, watu wakitafuta viatu vyao chini ya meza.

Kodi ya kwanza ilikaa chini ya sauti ya mgonjwa kama mto chini ya kichwa. Ya pili vilevile. Kwenye ya tatu, wifi akaachia blanketi.

"Wifi. Huu si ule aliokuimbia dirishani ulipomnunia?"

"Ndio huohuo."

Wifi akapiga magoti, akaushika mkono wa kaka yake. "Kaka, kumbe ulikuwamo humo muda wote, unatuacha tunakusengenya." Alilia, akacheka, akamfunika upya blanketi zote, hata ile ya joto. Kisha akatoka kwenda kumwambia dereva aondoke.

Mke alisikiliza gari likiishia kwenye kona. Akaongeza sauti ya simu, akamwinamia mumewe sikioni.

"Endelea, mzee. Umebaki kwako."

Umeme ukakatika. Friji likatikisa glasi zake mara ya mwisho, likanyamaza.

Mume naye akanyamaza.

Simu zilikuwa na chaji. Kodi ziliendelea kulia peke yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila wa kuziimbia.

Umeme uliporudi, friji likanguruma: likaanzia chini, likapanda kidogo, likatulia hapohapo. Na mume akalifuata, noti kwa noti.