Trei ya Mwisho

Mama alikuwa keshainua trei ya mwisho ya mbegu za marehemu mumewe aimwage, maana tangu mazishi halikuchomoza hata jani, kidole chake kilipogusa kitu kigumu kwenye udongo.

Ilikuwa mbegu ya mti wa maua mekundu, nzima, iking'aa kama siku ilipotoka kwenye ganda.

"Hii haikusuguliwa," alisema.

Binti yake alisogea. Mbegu hizo zina ngozi ngumu kama jiwe, na mzee hakuwa akipanda hata moja kabla ya kuisugua kwa msasa ili maji yapenye. Zikisuguliwa huota zote pamoja. Zisiposuguliwa huota zinapojisikia, moja leo, nyingine mwakani, nyingine baada ya miaka.

"Masikini Baba. Ugonjwa ulimchanganya, akasahau."

Mama alifukua zaidi. Ya pili haikuguswa. Ya tatu vilevile.

"Za wateja wa kitalu alizisugua, akazipanda siku hiyohiyo ya hizi," alisema taratibu. "Zile pale."

Binti aligeuka. Miche ya wateja ilisimama kitaluni, yote kimo kimoja.

Siku ile ya kupanda, mzee alikuwa amemsukumia Mama trei hii. "Hii yako," alimwambia. "Usiiharakishe."

Mama alizirudisha mbegu moja moja, akazifunika, akasawazisha udongo kwa kiganja, kama anayemfunika mtoto shuka. Kisha akaibeba trei kuelekea nyumbani.

"Unaipeleka wapi, Mama?"

"Dirishani kwangu. Baba yako ataniletea mche mmoja mmoja."