Picha ya Saba

Sheria ilikuwa fupi: tandala akipigwa picha mara saba shambani mwako ndani ya mwaka, shamba linakuwa njia yake, nawe unahama. Mkamburi alikuwa na picha sita, na jana, siku ya mwisho ya mwaka, kengele ya kamera ya shambani ilikuwa imelia tena ndani ya nyumba. Asubuhi majirani walifurika sebuleni kwake kumsubiri afisa wa wanyamapori aifungue kamera.

"Mimi nilikwambia ununue ile yenye kumulika, ingemfukuza," Wakesho alimchoma. "Wewe ukataka ya kimyakimya. Mnyama anapita kama yuko kwao!"

"Shoga, kunywa chai."

Afisa akaja, akachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta yake. Pembe mbili zikaonekana nyuma ya mahindi. Mkamburi akaupapasa ukuta kama anauaga. Picha ikazidi kufunguka, kikatokea kichwa, kikatokea kidevu chenye ndevu, na kamba shingoni.

"Hee! Si beberu wako huyo, Wakesho?"

"Ndiye! Mwizi mkubwa!"

Vigelegele nusura ving'oe bati. Mkamburi alicheka hadi machozi, akamsamehe beberu mahindi yote.

Afisa akairudisha kamera mtini, hesabu ya mwaka mpya ikaanza. Chai haijapoa, kengele ikalia. Mkamburi akachungulia dirishani. Tandala alikuwa amesimama uani, mahindi hayagusi, anaitazama nyumba toka mlangoni hadi paani, kama mpangaji aliyekuja kukagua chumba.

"Bado sita, baba," Mkamburi alimwambia, kicheko hakijamwisha mdomoni.