Milango ya Uani

Siwema alikuwa akidarizi kofia barazani alipoona waya wa intaneti ukiruka nyumba yao na kwenda zake kwenye maghorofa.

"Kaka, na sisi je?" alimwuliza mpimaji wa kampuni. Wateja wa Siwema wa mbali walikuwa wakimkimbia mmoja mmoja, kwa kuwa kifurushi cha simu kilikwisha kabla picha za kofia hazijawafikia.

Mpimaji alitazama karatasi yake. "Soko linakua kule, dada. Hapa nimehesabu mlango mmoja tu."

"Tumepanga kumi na mmoja humu! Milango yetu inaangalia uani. Ingia uone."

"Mimi naandika kinachoonekana barabarani."

"Haya. Basi usibanduke hapo."

Siwema akaingia ndani, akaung'oa mlango wa chumba chake kwenye bawaba, akautoa na kuusimamisha kando ya barabara. Kisha akawaita wapangaji wenzake. Bi Mwanakombo akatokea na wa kwake kichwani.

"Andika, baba! Au na macho yako yanangoja waya?"

Mlango wa tano ulipoegemezwa, mpimaji alikuwa bado ameinua kalamu, na uani nyundo zilikuwa zikigonga bawaba za milango iliyobaki.