Makosa ya Papa Callixte

"Haiko ngoma moja ya kwaya. Andika mbili," alisema Papa Callixte. "Ya kwanza niliiuza Sake, ya pili Bihambwe."

Élysée akafuta, akaandika mbili. Tangu asubuhi alikuwa anamsomea mzee huyo, barazani kwake Bweremana, kitabu ambacho yeye Élysée amekiandika juu ya maisha ya mzee, na tangu asubuhi mzee alikuwa anayasahihisha makosa yake kwa kuyaongeza. Aliposomewa kwamba aliacha wake wawili, alisema ni watatu, na kwamba Valérie, huyo anayekaanga samaki wa sambaza jikoni, ni wa nne, tena huyu mke njo anafikiri kumwacha yeye. Aliposomewa kwamba alilewa siku ya ubatizo wa binti yake, aliuliza kwa nini ubatizo wa yule wa pili umerukwa.

Ajabu ya mtu! Mashairi yake yanasemwa kwenye kila harusi na kila matanga ya Masisi. Wamama wanayajua kwa kichwa, wanayasema wakipalilia maharagi. Na mwenyewe huwezi kumwacha karibu na chupa.

Élysée, mwalimu wa sekondari, aliyapenda mashairi hayo kuliko sala zake. Lakini mwenye mashairi, Élysée alimchukia, wala hakuficha chuki hiyo.

"Sasa ni sura ya papa yangu," alisema Élysée.

Kingi yote, kijiji chao huko vilimani, inaijua habari hiyo. Mwaka ule wa vita, watu wa bunduki walimtafuta baba yake Élysée, naye alikuwa amejificha. Callixte akawaonyesha maficho kwa dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, wakamuua. Wakati huo Élysée alikuwa hajaota meno yote. Mama yake, Anastasie, njo alimtaja Callixte mbele ya watu pale matangani, na Callixte hakukana hata neno. Lisemwalo lipo, watu wakasema, nani angebisha? Wakaacha kumsalimia, akateremka kukaa na wavuvi wa Bweremana.

Kitabu kizima kiliandikwa kwa ajili ya sura hiyo moja. Mama yake hakukitaka. "Mashairi inatosha, mwanangu," alisema kila mara. "Acha muntu afe na yake." Élysée hakumsikia. Alitaka ukweli wa yule mtu uchapwe, usomwe na kila anayempigia makofi.

Akasoma. Safari hii Papa Callixte hakuongeza kitu.

"Ni vile," akasema. "Pita."

"Sipite. Unieleze na kinywa yako. Papa alikuwa amejificha fasi gani?"

"Eeh, mwana! Si mu stoki ya maharagi? Njo niliwaambia."

Élysée akaweka karatasi chini. Baba yake alitolewa katika shimo la kuivishia ndizi, nyuma ya nyumba, lililofunikwa majani na udongo. Shimo hilo, mama alimwambia mara nyingi, walilijua wawili tu, yeye na mume wake, mpaka Callixte alipowachungulia.

"Haiko weye uliwaambia," Élysée alisema. "Hata fasi yenyewe haujue."

Mzee akaokota karatasi, akamrudishia.

"Nani alikuomba ubebe ile kosa?" Élysée aliuliza.

"Élysée, miye niko mulevi wa zamani. Kosa moja zaidi, nani ataiona? Acha kitabu vile iko."

"Nani?"

"Valérie! Uko unaunguza samaki!" mzee alipaza sauti, na wala hakukuwa na harufu ya kuungua. Kisha akainamisha macho. "Mama yako njo aliniomba. Lakini usiende Kingi na hasira, mutoto wangu. Nakusihi."

Akaenda na hasira. Juu ya pikipiki, njia nzima ya kupanda vilima, alijisikia ameuzwa. Kumbe miaka yote amemnyima salamu mtu asiye na kosa, na ugali uliomkuza ulisongwa na mkono uliomtoa baba yake!

Alimkuta mama yake uwanjani anapiga maharagi kwa fimbo. Hakumsalimia.

"Mama, Callixte hajue shimo."

Fimbo ikasimama. Anastasie akaketi juu ya maganda, akajifuta uso kwa kitenge.

"Basi andika ni miye," alisema. "Weka jina yangu yote, Anastasie Uwimbabazi. Sitakana."

"Ni kweli?" Élysée alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. "Ulimuuza papa, halafu ukamubebesha mulevi? Na miye ukanifundisha kumuchukia?"

"Andika tu."

"Walikupatia nini? Unijibu, mama! Walikuuliza nini, na walikupatia nini?"

Mama akatikisa kichwa. Akainuka, akarudi kupiga maharagi.

Élysée akachukua mfuko wake. Alimwambia kwamba kuanzia leo asimwite mwana, na kwamba hata siku ya maziko yake watu wasimngoje. Akageuka, akaelekea barabarani. Alikuwa ameshauvuka ua mama alipomwita.

"Élysée! Simama."

Alisimama bila kugeuka.

"Miye hawakuniuliza kitu," mama alisema. "Walikuuliza weye, mutoto mugongoni mwangu; ukaonyesha na kidole, halafu wakakupatia biskuti."