Flashi ya Mzee Mshamu

Ukumbi ulikuwa umejaa, na mtambo wa kuongozea taa ulikuwa umegoma kuwaka. Sikudhani, fundi wa taa, aliuzima, akauwasha tena. Kioo kikabaki cheusi ti.

"Dada, watu wameanza kupiga miluzi," alisema Kheri, msimamizi wa jukwaa.

"Waache wapige."

Sikudhani alichomoa flashi iliyokuwa ubavuni mwa mtambo, akawasha upya. Kioo kikang'aa. Kumbe mtambo ulikuwa ukihangaika na flashi tu, ukashindwa kuamka.

"Afadhali! Sasa irudishe haraka."

Flashi ilikuwa ya Mzee Mshamu, mwalimu wake. Humo mlikuwa na mipangilio ya taa zote za mchezo huu, kama alivyozipanga kabla ya kustaafu: alfajiri yake, mvua yake, mazishi yake. Miaka yote Sikudhani alikuwa akibonyeza tu. Na leo mzee mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele, kofia nyeupe kichwani, amekuja kuitazama kazi yake.

"Irudishe, dada!"

Sikudhani aliitia mfukoni. "Mchezo huu ninao kichwani. Waambie waigizaji waingie."

Akaanza kupandisha taa kwa vidole vyake, taratibu. Alfajiri ikachomoza jukwaani, si ya manjano kama ile ya miaka yote, bali ya rangi ya zambarau bivu. Miluzi ikakatika.

Kule mbele, ile kofia nyeupe iligeuka, ikainuka kuelekea kwenye kijidirisha cha chumba chake cha taa.

Sikudhani hakuinamisha uso. Akaongeza mwanga kidogo.