Kunguru Atangaza Vishikwambi Vipya

Nguchiro alichora kadi za harusi kwa kishikwambi kikuukuu chenye ufa. Kunguru, ambaye tetesi zake zilishamfungisha Kima kibanda, akatua juu ya paa.

"Mama, bado wahangaika na hicho? Vipya vyaja, vyembamba kama jani! Nitawaambia wateja wako wasubiri."

"Waambie, baba. Ila paza sauti, wako bondeni."

Kunguru akajaza kifua, akapayuka: "Msije! Vishikwambi vipya vinatoka karibuni! Karibuniii!"

Upepo ukameza maneno yote isipokuwa lile la mwisho. Wanyama waliposikia "Karibuniii!" wakamiminika kibandani, swala na mchumba wake mbele.

Jioni Nguchiro alikuwa bado anachora. Kunguru koo lilikuwa limemkauka.

"Vikitangazwa vingine, baba," Nguchiro akamwambia, "njoo tena. Na sauti hiyohiyo."